Simu kung'ang'ania waifai dhaifu
Jamani kama ruta yenu (kile kifaa kinachorusha waifai) inatoa mawimbi mawili, GHz 2.4 na GHz 5, msirundike kila kitu kwenye moja. Ya 5 ina spidi ila kuta zinaimaliza, basi ziachie simu na laptop zilizo karibu na ruta, ile 2.4 inafika mbali lakini ina msongamano, majirani wote wamo humo, mpaka Bluetooth na maikrowevu (ndo maana video inakwama mtu akipasha chakula). Alafu simu nyingi zinang'ang'ania waifai dhaifu hata kama kuna nyingine nzuri karibu, ukiona kimebaki kijiti kimoja cha waifai we zima waifai uwashe tena, mara nyingi itachagua upya. Na ile mitandao ya zamani ifute kwenye setingi, isije ikajiunga yenyewe kimyakimya.