Kompyuta ya mezani au laptopu: piga hesabu ya miaka 5

Bei ya dukani pekee hudanganya. Ongeza umeme na matengenezo ya miaka 5, kisha gawanya kwa 5. Umeme ni wati mara saa, gawanya kwa 1,000: mashine ya wati 100 ikiwaka saa 8, siku 250, hula uniti 200 kwa mwaka, laptopu ya wati 30 hula 60.

Laptopu huponzwa na betri, bawaba na tundu la chaji. Ya mezani huuawa na vumbi kwenye feni na umeme unaoyumba, ila pawasaplai yake (kisanduku cha ndani kinachoipa umeme) hubadilishwa kwa bisibisi tu. Usisahau bei ya UPS, betri ya akiba inayoishikilia umeme ukikatika.

Mtumba? Hakikisha ina TPM 2.0 (chipu ya usalama), la sivyo Windows 11 haiikubali rasmi.