Valletta kwa miguu: anza juu, shuka na mteremko, rudi kwa lifti

Kwenye ramani Valletta inaonekana ni mji wa kumaliza asubuhi moja. Ndio mji mkuu mdogo kuliko yote ya Umoja wa Ulaya, na kutoka lango kuu hadi Fort St Elmo, kule nchani mwa rasi, ni kama kilomita moja tu. Ila ramani haionyeshi mwinuko. Mji umekaa juu ya mgongo wa kilima, bahari iko pande tatu, na karibu kila mtaa wa kando huteremka kuelekea majini, mingi kwa ngazi. Mgeni anayezunguka ovyo hujikuta amepanda na kushuka kilima kilekile mara tano kabla ya saa 8 mchana, kisha anasema mji unachosha. Kinachomchosha ni mpangilio wake wa siku.

Ngazi hizo zina sababu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 28 Machi 1566, mwaka mmoja baada ya Waosmani kuizingira Malta na kushindwa. Watawa-askari wa Shirika la Mtakatifu Yohane, chini ya mkuu wao Jean de Valette, waliogopa kwamba adui angerudi wakati wowote. Mhandisi Francesco Laparelli alichora mitaa iliyonyooka kama rula, na mpango wa kusawazisha kilima ukaachwa njiani kwa sababu kuta zilikuwa za haraka zaidi. Mistari iliyonyooka ikapita juu ya kilima vilevile kilivyo. Faida yake ni kwamba mitaa hiyo hupitisha upepo wa bahari, na ile myembamba hubaki na kivuli hata Julai.

Kanuni ni moja: ingia kwa juu, shuka taratibu, na kupanda waachie lifti na mabasi.

Kufika na kuingia mjini

Malta imo katika eneo la Schengen na inatumia yuro tangu 2008. Wenye pasi za Kenya, Tanzania au Uganda wanahitaji visa ya Schengen: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000 za matibabu. Kama unaunganisha Malta na Italia, omba visa kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Hapo ndipo maombi huweza kukwama.

Uwanja wa ndege uko Luqa, kilomita chache tu kutoka mjini, na basi la X4 huunganisha uwanja na Valletta. Stendi kuu ya mabasi iko nje kidogo ya lango la mji, kuzunguka Chemchemi ya Triton. Tiketi moja ya basi hudumu saa 2 hata ukibadilisha mabasi, kwa hiyo usiitupe. Ukikaa wiki nzima na kuzunguka kisiwa, kadi ya siku 7 ya wageni hurudisha pesa yake upesi. Basi likijaa dereva hasimami, na hilo ni jambo la kawaida majira ya joto. Ukiwa na miadi, panda kutoka stendi yenyewe badala ya kungojea vituo vya njiani.

Gari la kukodi liache nje ya mji. Kamera hupiga picha namba za magari yanayoingia, ada huhesabiwa kwa muda uliokaa, na bili hukufuata kupitia kampuni iliyokukodisha. Maegesho nayo ni ya kubahatisha. Anayeshindwa kutembea atumie basi namba 133, linalozunguka ndani ya mji.

Kabla ya kulipia chumba ndani ya kuta, uliza maswali mawili: kiko ghorofa ya ngapi, na je, kuna lifti? Nyumba nyingi ni za kale, ngazi zake ni za mzunguko na nyembamba, na sanduku la magurudumu halina kazi pale. Vyumba vyenye roshani za mbao zilizofungwa kwa vioo, ambazo Wamalta huziita gallarija, vinapendeza sana, lakini kengele za kanisa utazisikia kama ziko kitandani.

Majina mawili ya kila mtaa

Vibao vya mitaani huandikwa Kimalta, simu yako huenda ikaonyesha Kiingereza. Republic Street, mhimili wa mji, ni Triq ir-Repubblika. Merchants Street ni Triq il-Merkanti, Old Bakery Street ni Triq l-Ifran, na Strait Street, uchochoro uliojaa mabaa enzi za mabaharia wa Kiingereza, ni Triq id-Dejqa. Wenyeji hawasemi Valletta sana. Husema il-Belt, yaani Mji.

Msomaji wa Kiswahili hapa ana bahati kidogo. Kimalta kimetokana na Kiarabu ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini: baħar ni bahari, ktieb ni kitabu, dinja ni dunia, siegħa ni saa, suq ni soko. Hesabu sitta, sebgħa, na disgħa ni ile 9 yetu, tisa. Hata triq ni ndugu wa tariki ya washairi wetu. Hutazungumza nacho, na huhitaji, maana Kiingereza ni lugha rasmi pia na kila mtu anakijua. Ila vibao vitaanza kukusemesha.

Asubuhi: kanisa kabla ya meli

Adui wa asubuhi ni meli za kitalii. Zikifunga gati chini ya kuta, maelfu ya watu hupanda pamoja, na karibu wote huelekea St John's Co-Cathedral. Ratiba za meli hutangazwa mapema, kwa hiyo chagua siku yenye meli chache. Ukishindwa, uwe mlangoni saa 3 asubuhi linapofunguliwa. Jumapili watalii hawaingii. Mabega na magoti yafunikwe. Viatu vya kisigino chembamba haviruhusiwi kabisa, na ukitazama sakafu utaelewa: ni mawe ya makaburi karibu 400, ya marumaru za rangi zilizopangwa kuwa ngao, malaika na mifupa, na kisigino chembamba hutoboa kama msumari.

Kwa nje kanisa lenyewe, lililojengwa na Girolamo Cassar kati ya 1572 na 1577, ni kavu kama ghala la jeshi. Ndani hakuna shibiri isiyopambwa. Dari lote alilichora Mattia Preti kwa rangi za mafuta juu ya jiwe lenyewe, miaka ya 1660.

Wengi huchukua kifaa cha maelezo, huanza na kapela ya kwanza, na wanapofika Oratorio wamechoka na chumba kimejaa. Fanya kinyume: nenda moja kwa moja Oratorio, ukumbi wa sala ulioungana na kanisa, kisha rudi kwenye kapela. Ndani ya Oratorio kuna mchoro wa 1608 wa Caravaggio, mchoraji Mwitaliano, kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji, wenye upana wa zaidi ya mita 5. Usitosheke na kuutazama kwa mbali. Sogea hadi wanaporuhusu, tazama damu inayotiririka kutoka shingoni, na ndani ya damu hiyo utaona herufi: f. Michelang.o. Ndio mchoro pekee wa Caravaggio unaojulikana kuwa na sahihi yake. Herufi ya mwanzo husomwa na wengi kama fra, ndugu, maana alikuwa ametoka kupokewa katika Shirika. Mwezi Desemba mwaka uleule, akiwa ameshatoroka gerezani, walimvua uanachama katika ukumbi huohuo.

Umetoka kanisani, hapo jirani kuna Makumbusho ya Akiolojia. Yape dakika 45 kwa ajili ya kitu kimoja hasa: sanamu ndogo ya mwanamke aliyelala ubavu, iliyopatikana katika makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni. Inaenea kiganjani. Makaburi yenyewe yako Paola, safari fupi ya basi, na huruhusu watu 10 tu kwa zamu, kwa hiyo tiketi huisha wiki nyingi kabla. Waliochelewa wana nafasi moja: tiketi chache za dakika za mwisho huuzwa Fort St Elmo siku moja kabla ya ziara, kwa bei ya juu zaidi, na anayewahi ndiye anayepata.

Saa 6 mchana: mzinga

Bustani za Upper Barrakka ziko juu kabisa ya ukuta, zinatazama Bandari Kuu. Kila siku saa 6 mchana, na tena saa 10 jioni, mzinga hupigwa katika safu iliyo chini ya bustani. Tangazo la Kiingereza litaandika 12:00 na 16:00, usichanganye. Adhuhuri yenyewe Wamalta huiita nofsinhar, nusu ya nahari.

Kutazama kutoka juu ni bure, lakini ukingo hujaa mapema. Fika dakika 25 kabla. Ukitaka kusogea karibu na mizinga na kusikiliza maelezo, lipia kiingilio cha terasi ya chini. Watoto wazibe masikio, maana mlio hugonga kifua kabla ya sikio.

Kwa picha, zamu ya saa 10 ni bora. Ukiwa pale unatazama mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na miji ya ng'ambo hubaki kivuli cheusi. Alasiri jua liko mgongoni na mawe yote huwa rangi ya asali.

Alasiri: ng'ambo ya bandari

Hapa ndipo mteremko unakuwa rafiki. Pembeni mwa bustani kuna lifti ya Barrakka, iliyofunguliwa 2012, inayokushusha mita 58 hadi usawa wa bandari. Kushuka hulipi, kupanda ni kama yuro 1. Chini, vuka barabara uelekee gati la feri za Miji Mitatu: Birgu, Bormla na Isla. Hali ya hewa ikiwa shwari kuna pia dgħajsa, mashua ndogo za rangi. Kubaliana bei kabla ya kukanyaga ndani, na uliza kama ni kuvuka tu au kuzungushwa bandarini, maana ni bei mbili tofauti kabisa.

Birgu ndiko Shirika lilikokaa kabla Valletta haijajengwa. Vichochoro vya nyuma ya Jumba la Mahakama ya Kidini vina utulivu ambao Republic Street haina tena. Kama miguu bado inaruhusu, nenda ncha ya Isla penye kibanda cha mlinzi cha mawe, kilichochongwa jicho na sikio. Kutoka hapo kuta za Valletta zinakukabili zote. Saa yake nzuri ni asubuhi, kwa hiyo mpiga picha makini atakuja siku ya pili.

Upepo ndio huharibu mpango huu. Grigal, wa kaskazini-mashariki, huingia moja kwa moja mdomoni mwa bandari na feri zinaweza kusimama ghafla. Ukiwa ng'ambo na mawimbi yakaanza kurukia gati, usingoje: tafuta basi la kurudi Valletta kwa barabara. Mvua nayo ina hatari yake. Mawe ya mitaani yamelainishwa na nyayo za karne nne, yakilowa yanateleza kama sabuni. Raba zenye meno zitakufaa kuliko sandali nyororo, na kwenye ngazi za kushuka Fort St Elmo shika ukuta bila aibu.

Kula na kunywa

Chakula cha haraka ni pastizzi, kitafunwa chenye tabaka nyingi kama sambusa iliyokataa kukaangwa. Kuna cha jibini laini, tal-irkotta, na cha njegere, tal-piżelli. Kila unapong'ata hupukutika, kwa hiyo simama, usile umekaa na nguo nyeusi. Asiyekula nguruwe aulize kwanza, kwani wapo wanaotumia mafuta yake kwenye unga. Imqaret ni vitumbua bapa vya tende vilivyokaangwa, vitamu vikiwa vya moto tu.

Maji ya bomba ni salama, ila sehemu kubwa ni ya bahari iliyosafishwa na ladha yake si ya kupendeza. Wengi hununua ya chupa. Kila chupa ya plastiki au kopo lina amana ya senti 10, unayorudishiwa ukiitumbukiza kwenye mashine. Plagi ni za pini tatu bapa kama za Uingereza, na magari hupita kushoto. Dharura yoyote, piga 112.

Jioni

Jua linatua upande wa pili wa mji, wa bandari ya Marsamxett. Una njia mbili. Ya kwanza ni bustani za Hastings, juu ya kuta, hatua chache kutoka lango kuu, zisizo na msongamano. Ya pili ni kushuka kwa ngazi hadi gati la Marsamxett na kuvuka kwa feri hadi Sliema, safari isiyozidi dakika 10. Ukiwa Sliema geuka: kuba kubwa la kanisa la Karmeli na mnara mwembamba wa kanisa la Kianglikana husimama juu ya kuta, na mwanga wa jioni huvipiga uso kwa uso. Kabla ya kushuka chomboni soma ratiba iliyobandikwa gatini, kwani feri ya mwisho wakati wa baridi huondoka mapema kuliko ya kiangazi. Ukiikosa, basi la kutoka Sliema hukuteremsha palepale ulipoanzia, mbele ya lango, ambapo hakuna ngazi ya kupanda.