Jiko la peleti la feni lililozeeka: kutambua hitilafu na kupata vipuri (somo)

Nimeandika somo hili kwa sababu tangu mvua zianze nimeulizwa swali moja, kwa maneno tofauti, hadi sasa nalijibu kabla muulizaji hajamaliza: "Jiko langu la peleti linatoa moshi, nilitupe?" Usilitupe. Ninazungumzia lile jiko dogo la kupikia lenye feni chini na betri ubavuni, ambalo hujazwa peleti (vipande vidogo vilivyoshindiliwa) za vumbi la mbao au za makapi ya miwa na kuwashwa kwa juu. Langu nimelitumia hapa Manyatta, Kisumu, kwa miaka sita. Aliyeniuzia aliacha biashara hiyo zamani na hakubakiza kipuri hata kimoja, kwa hiyo yote yaliyomo humu nimeyafanya kwa mkono wangu, mengine mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza niliyaharibu.

Ufahamu kwanza kwamba mwali unaouona chini ya sufuria ni wa gesi. Joto huzifanya peleti zitoe gesi, hewa kidogo kutoka matundu ya chini huliendeleza joto hilo, na hewa nyingi kutoka matundu ya juu huichoma gesi inapopanda. Moshi mnene mweupe ni gesi ile ile iliyokosa kuungua. Ukilikumbuka hilo, nusu ya hitilafu utazitambua ukiwa umesimama mlangoni.

Hatua ya 1. Zima jiko, liache lipoe kabisa, umwage majivu.

Hatua ya 2. Vunja peleti moja kwa vidole. Ikikatika kwa mlio, ni kavu. Ikimong'onyoka au ikiwa imevimba, haifai tena hata ukiianika.

Hatua ya 3. Zibua matundu ya juu na ya chini kwa spoku ya baiskeli, bila kuyapanua.

Hatua ya 4. Pima betri kwa mita, kwanza feni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inazunguka. Betri ya risasi ya volti 6 iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 6.4. Ikianza vizuri kisha ikaporomoka mara tu feni inapowashwa, imekufa hata kama chaja inasema imejaa. Betri ya aina hiyo hupatikana kwa wauzaji wa taa za kuchaji, kwa kuwa baadhi ya taa hizo huitumia. Kama jiko lako lina betri ya lithiamu ya volti 3.7, usiweke ya risasi mahali pake wala usiichaji kwa chaja ya risasi. Lithiamu ikizidishwa chaji huweza kushika moto.

Hatua ya 5. Feni. Hapa ndipo nilipoharibu, na nitaeleza kwa urefu ili mwingine asirudie. Feni yangu ilipoanza kukwaruza niliichukua hadi soko la Kibuye, nikampa fundi wa kompyuta, akaniletea nyingine yenye upana ule ule na matundu manne ya skrubu mahali pale pale. Niliridhika kwa kuwa iliingia bila kulazimishwa. Sikusoma kibandiko. Ilikuwa feni ya volti 12, na jiko langu ni la volti 6, kwa hiyo ilizunguka kivivu kama mtu aliyeamshwa usiku, na ugali wa jioni hiyo tuliula ukinuka moshi. Nikarudi siku ya pili, nikapata ya volti 6, nikaifunga nikiwa na haraka, na nikaifunga kinyume: badala ya kusukuma hewa ndani, iliivuta kutoka kwenye kopo la moto na kuitoa chini. Baada ya dakika chache plastiki ikaanza kulainika, na nikajikuta nabeba jiko linalowaka hadi uani kwa vitambaa viwili. Mke wangu hajanisahaulisha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma volti kwenye kibandiko cha feni ya zamani, na kama kimefutika, pima kwenye nyaya zinazoifikia. Kabla ya kufunga, tafuta mishale midogo ubavuni mwa feni: mmoja huonyesha upande inakozungukia, mwingine upande upepo unakoelekea. Isipokuwa na mishale, hewa kwa kawaida hutokea upande wenye mikono inayoshikilia mota. Kugeuza nyaya hakugeuzi upepo. Feni hizi zikiunganishwa kinyume hazizunguki, na nyingine huungua. Na kama feni ya zamani ni ile ya umbo la konokono, inayovuta hewa ubavuni na kuitema kupitia mdomo mmoja, usiweke bapa ya kompyuta mahali pake, kwa sababu ile bapa hupuliza sana mahali pa wazi lakini hushindwa kusukuma hewa kwenye matundu madogo. Ukimaliza, washa feni jiko likiwa baridi na tupu, kisha shikilia kipande cha karatasi laini mbele ya matundu ya juu: kinapaswa kusukumwa kuelekea katikati ya kopo. Kikivutwa kwenye matundu, fungua tena.

Hatua ya 6. Jaza peleti hadi upana wa vidole viwili chini ya matundu ya juu, washa kwa vijiti vikavu huku feni ikiwa polepole, kisha ongeza.

Kopo la ndani likitoboka, mpelekee fundi wa jua kali lile la zamani, naye atengeneze jipya na kutoboa matundu kwa idadi na ukubwa ule ule. Msisitizie atumie bati la chuma kisichoshika kutu, kwa maana mabati ya kawaida huliwa upesi na moto huu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Kondele: Jiko langu haliwaki. Nifanye nini?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 6, kwa mpangilio huo. Kisha uniambie umekwama wapi.

Mwanachama, Kondele: Nimesoma juu juu tu. Si ungeniambia tu ni feni gani ninunue?

Jibu: Ile yenye volti zilizoandikwa kwenye ya zamani, ndugu yangu. Sijaliona jiko lako, na aliyesoma juu juu ndiye nilikuwa mimi siku ile ya kwanza Kibuye.

Mwanachama, Ahero: Mwalimu, huku kwetu maganda ya mpunga yanatupwa kwa malori. Ninaweza kuyatia kwenye jiko hili badala ya peleti?

Jibu: Swali zuri, dada. Yakiwa hayajashindiliwa hujaza kopo bila uzito, na huungua upesi kabla maji hayajachemka. Peleti zake huwaka, lakini kati ya sehemu 15 na 20 kwa kila 100 za uzito wake hubaki majivu, ilhali mbao safi huacha chini ya sehemu 1. Majivu hayo huziba matundu ya chini, kwa hiyo utazibua kila siku. Ukipata peleti za makapi ya miwa kutoka upande wa Muhoroni, zinakaa katikati. Changanya nusu kwa nusu na za mbao uone jiko lako linavumilia kiasi gani, na nitafurahi ukirudi kutuambia.

Mwanachama, Molo: Huku ni baridi kali. Usiku nikiliacha kwenye chumba cha vifaranga, au cha kulala, feni ikiwa chini kabisa, kuna ubaya?

Jibu: Kuna kifo. Mwali ukishaisha, makaa yanayobaki hutoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi. Usilale nalo, na vifaranga pia usiwaache nalo. Hili ni jiko la kupikia, mahali penye dirisha wazi.

Mwanachama, Molo: Ulinijibu kwa ukali.

Jibu: Ndiyo, mama, na ningerudia. Lakini niwie radhi kwa namna nilivyosema.

Mwanachama, Kakamega: Mbona mwali huwa wa manjano mwanzoni, halafu mwishoni unakuwa mdogo na wa buluu?

Jibu: Manjano ni gesi ya mbao ikiungua pamoja na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto. Gesi ikiisha, kilichobaki kwenye kopo ni makaa, nayo huungua bila masizi, ndiyo maana unaona buluu. Ukizima hapo na kuyamwaga kwenye debe lenye kifuniko kisichopitisha hewa, utayatumia kesho kwenye jiko la makaa kuchomea mahindi. Usiyamwagie maji yakiwa bado koponi. Kopo la moto likimwagiwa maji hupinda.

Mwanachama, Kakamega: Ahsante. Sisi tunayasaga na kuyachanganya na samadi ya ng'ombe kabla ya kupanda sukuma.

Jibu: Hilo sikulijua. Je, mnayaacha na samadi kwa muda gani? Wengine wangependa kusikia.

Mwanachama, Kakamega: Mwezi mmoja hivi, tukiyageuza mara mbili.

Mwanachama, Nakuru: Peleti zangu huvimba ndani ya gunia. Nazihifadhi jikoni.

Jibu: Mvuke wa sufuria ndio unaozilowesha. Zitie kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko cha kukaza, uuweke chumba kingine, juu ya ubao.

Mwanachama, Bungoma: Fundi, nina paneli ya sola ya volti 18. Niiunganishe moja kwa moja kwenye betri ya volti 6?

Jibu: Hapana, utaichemsha betri. Tumia paneli ndogo iliyotengenezwa kwa kuchaji betri ya volti 6 pamoja na kidhibiti cha chaji cha volti 6, na kama kidhibiti hicho hakina diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani yake, funga moja kwenye waya chanya, kwa sababu bila diodi paneli huinyonya betri usiku kucha.