Somo: Kutandaza maikrojeli juu ya maji bila kuzizamisha

Nimechoka kujibu hili inboksi. Naandika mara moja.

Nazungumzia maikrojeli za PNIPAM, chembe za polima zilizojaa maji, laini kama mlenda. Juu ya maji hazikai kama gololi. Hujitanua, katikati pamevimba na pembeni pembamba, mithili ya yai la macho.

1. Osha trei ya Langmuir (trei ya kina kifupi yenye papi zinazosogea kubana uso wa maji) kwa ethanoli, suuza.
2. Jaza maji safi. Tundika karatasi ya kuchujia kwenye mzani.
3. Funga papi za kubania. Kanieneo ya uso (msukumo wa vitu vilivyotandaa juu ya maji, unaopimwa na mzani) ikipanda zaidi ya 0.3 mN/m (milinewton kwa mita), uso ni mchafu. Vuta uchafu kwa pampu, rudia.
4. Tandaza. Hapa niliharibu wiki nzima. Nilichanganya chembe na maji matupu, nikabonyeza sindano kwa pupa, matone yakadondoka kutoka juu. Nyingine zikazama, nami nikapiga hesabu kana kwamba zote zinaelea. Mchoro wa kanieneo dhidi ya eneo ukanionyesha chembe ndogo kuliko zilivyo. Changanya na isopropanoli (aina ya alkoholi) kidogo. Tone lining'inie kwenye ncha ya sindano, liguse uso, lijitandaze lenyewe. USIDONDOSHE. Ukiona limezama, mwaga yote, uanze upya. Ukimaliza, subiri isopropanoli ipotee.
5. Bana polepole, rekodi.

Maswali

— Mkuu, kanieneo inapanda na sijaweka kitu!
— Namba 3.
— Nimesoma. Natumia maji ya chupa.
— Hayo ni ya kunywa.

— Shikamoo dada. Nikizidi kubana, uso unazidi kuwa mgumu?
— Marahaba. Umeuliza jambo. Ugumu ni kasi ya kanieneo kupanda eneo linapopungua. Kingo za chembe zikigusana, inapanda. Halafu kuna mahali mchoro unalala: unabana, lakini uso umelegea, kwa sababu chembe zinakubali kuminywa. Viini, yaani zile katikati zilizovimba, vikikaribiana, inapanda tena. Kwa hiyo uso uliojaa zaidi si lazima uwe mgumu zaidi.

— Na joto?
— Ndani ya maji chembe hunywea kwenye 32°C hivi. Ila kingo zilizojibandika usoni mwa maji hazinywei sana. Hilo lilinishangaza hata mimi.

— Nyongeza: loweka karatasi mpaka ishibe ndipo uweke mzani sifuri, la sivyo namba zitahama.
— Ahsante, nilisahau.

— Sisi tusio na trei?
— Agnes Pockels, mmoja wa waanzilishi wa kupima nyuso za maji, alianzia jikoni kwao Ujerumani, na trei ya bati na kipande cha bati cha kusukumia. Barua yake ilichapishwa na jarida la sayansi la Nature mwaka 1891. Ila sufuria ya pilau hapana, mafuta hayatoki.