Jinsi ya Kufuatilia Familia ya Nicodemus, Kansas, Katika Karne ya 19

Nicodemus, mji mdogo katika kaunti ya Graham, ulianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi, wengi wao wakitoka jimbo la Kentucky, ambako utumwa ulikoma mwaka 1865. Usitarajie vyeti vya kuzaliwa, kwani jimbo la Kansas lilianza kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1911.

Hatua ya 1. Anza na sensa ya taifa ya mwaka 1880, ambayo ndiyo ya kwanza kueleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Nakili kaya nzima pamoja na kaya za jirani, kwa sababu mara nyingi wakwe na ndugu waliohama pamoja walijenga karibu karibu.

Hatua ya 2. Linganisha na sensa ya jimbo ya mwaka 1885, inayotaja mahali mtu alikotoka kuja Kansas. Sensa hii ni ya thamani kubwa, kwani ile ya taifa ya mwaka 1890 iliharibika karibu yote kutokana na moto uliotokea Washington mwaka 1921.

Hatua ya 3. Omba jalada la ardhi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Kwangu mimi, hakuna waraka unaoyapita majalada haya. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mkuu wa familia, mwanamume au mwanamke, kudai hadi ekari 160 za serikali, kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka 5. Kabla ya kupewa hatimiliki, mdai na mashahidi wake walieleza chini ya kiapo nyumba ilivyo, ekari zilizolimwa na watu walioishi humo. Sheria ilimruhusu pia mjane kukamilisha dai la marehemu mumewe, na hapo ndipo unapoweza kusoma maelezo ya mwanamke ambaye kwingineko ametajwa kama mke tu. Omba jalada zima, si hatimiliki peke yake, kisha watafute mashahidi katika orodha yako ya majirani.

Hatua ya 4. Rudi Kentucky. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu walioachwa huru; orodha za watumwa za 1850 na 1860 kwa kawaida zinaonyesha umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Usimtambue mtu kwa umri peke yake. Tafuta kwanza matamko ya ndoa yaliyotolewa kwa makarani wa kaunti chini ya sheria ya Kentucky ya mwaka 1866, ambamo wenzi walithibitisha kwamba walikuwa wakiishi kama mume na mke.