Kabla Hujamleta Nyumbani Mbwa Aliyetelekezwa

Unataka kumlea mbwa kwa muda mpaka apate mtu wa kumchukua moja kwa moja? Anza na mwenye nyumba. Kama umepanga, omba ruhusa kabla mbwa hajaingia, usingoje mtu alalamike. Majirani nao wapigie hodi. Mtaani kwetu Waislamu ni wengi: mtu ametoka na kanzu yake anakwenda Ijumaa, mbwa wako akimrukia na mate yake umemrudisha ndani kubadili nguo. Akijua mapema kwamba mbwa yupo na atafungiwa saa hizo, mtaishi vizuri.

Daktari wa mifugo mtafute sasa, na namba yake ya usiku uwe nayo. Hujui mbwa huyo amepitia wapi wala aling'atwa na nani, na virusi vya kichaa cha mbwa vinaweza kukaa mwilini miezi kadhaa kabla ya dalili. Achanjwe, lakini chanjo ya leo haimkingi kuanzia leo. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni alama ndogo tu. Ugonjwa huu dalili zikishaanza kwa mtu, umechelewa.

Kama una mbwa wengine, mgeni akae peke yake siku 14, na vyombo vyake, na kandambili zako za kuingilia kwake. Parvo inaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, virusi vyake vinakaa kwenye udongo kwa miezi, na sabuni ya kawaida haiviui. Tumia jiki kwenye sakafu. Kupe usiwatoe tu ukadhani umemaliza. Fizi zikiwa nyeupe au pua ikitoka damu, apimwe ugonjwa wa kupe. Dawa yake huchukua karibu mwezi, usiikatishe kwa kuwa ameanza kutikisa mkia. Oil chafu ya gari usimpake. Najua kuna fundi atakuapia kwamba inamaliza upele. Mbwa atairamba, na ni sumu.

Sasa chakula, na hapa nisikilize.

Mbwa wangu wa pili wa kumlea kwa muda tulimtoa Kimara, kwenye nyumba ambayo wapangaji walihama wakamwacha amefungwa kwa waya kwenye mpapai. Mbavu zake ungezihesabu ukiwa barabarani. Tukamwita Chuma. Daktari akaniagiza: vijiko vichache vya kuku aliyechemshwa bila chumvi, kila baada ya saa nne hadi sita, siku ya kwanza asizidishe robo ya chakula cha mbwa wa kimo chake, kisha tupande taratibu kwa wiki nzima na zaidi. Ugali na wali tuviache kwanza. Nikamwambia dada wa kazi, nikawaambia watoto. Mama yangu sikumwambia. Alikuwa bado njiani kutoka Moshi, na sikuona mbwa kuwa habari ya kumpokelea mgeni.

Siku ya pili nikaenda kazini. Mama akamwona yule mbwa, akaona na kisahani chenye vijiko vitatu, roho ikamuuma. Akasonga ugali, akauchanganya na mchuzi wa samaki, akampa sufuria nzima. Jioni alinipokea getini anacheka: "Mwanangu, ulikuwa unamnyima! Amekula chote, kalamba mpaka chini." Chuma alikuwa amelala, tumbo kama ngoma, mkia unapiga sakafu. Nami nilifurahi, nakiri. Sikumpigia daktari.

Keshokutwa yake asubuhi miguu ya nyuma ilikuwa haimshiki. Mchana akawa anahema mbiombio, jioni akapata degedege. Tulimfikisha kliniki, akafia mezani.

Daktari alinieleza nikiwa nimeshika ile kamba tupu. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huishi kwa kula mafuta na misuli yake wenyewe, na akiba ya madini kama fosfeti na potasiamu inakwisha kimyakimya. Wanga mwingi ukiingia ghafla, insulini inapanda na kuyasukuma madini yaliyobaki kwenye damu yaingie ndani ya seli. Moyo na misuli vinakosa cha kufanyia kazi. Na haitokei palepale. Huja baada ya siku mbili, tatu, wakati nyumba nzima mnadhani amepona.

Mama mpaka leo anajua Chuma alikufa kwa sababu tulichelewa kumchukua.

Kwa hiyo siku hizi karatasi inabandikwa kwenye friji kabla mbwa hajafika: nini, kiasi gani, saa ngapi, na nani peke yake anayelisha. Kila anayelala humo ndani anasomewa, mgeni akiwa wa kwanza.

Wa kumchukua moja kwa moja usimtafute mapema. Subiri uzito utulie, chanjo zikamilike, ahasiwe, na aache kujificha mtu akishika ufagio. Anayekuuliza kabla ya yote "ni mkali?" anatafuta king'ora cha geti, nenda kwake ukaone mbwa atalala wapi na kama kuna mnyororo tayari umefungwa kwenye nguzo. Mimi nimewahi kugeuza na mbwa wangu kutoka mlangoni kwa mtu, na simjutii.

Mengine unayajua. Geti lifungwe, wiki za kwanza asitoke bila kamba. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Vitunguu, hapana. Sumu ya panya iondoe, hata ile ya juu ya kabati. Mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza, awe ndani. Watoto wasimkumbatie akiwa anakula, wala akiwa amelala. Na ukisafiri, usimwachie mtu ambaye hajaisoma ile karatasi.