Kiti cha plastiki na mpini wa raklete: namna ya kujizoeza urubani wa ndege ya kivita ukiwa uani

Mpwa wangu ni binti wa miaka 19, amemaliza sekondari, hesabu na fizikia anaziweza, na anataka kuwa rubani wa ndege ya kivita. Alipokuja kwangu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, alitegemea nimwonyeshe picha za zamani. Nikatoa kiti cha plastiki, nikakiweka chini ya mwembe, nikampa mpini wa raklete, ile ya kusukumia maji sakafuni, aushike katikati ya magoti.

"Keti," nikamwambia. "Tunakwenda Likasi."

Akadhani namtania, maana Likasi ni mji mwingine kabisa. Lakini ndivyo nilivyofundishwa mimi urubani kwenye kambi ya jeshi ya Kamina, kwenye Macchi, ile ndege ya mafunzo ya Kiitalia, MB-326: injini moja ya Viper, viti viwili, mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma yake. Kabla ya kuruka mara moja angani, tuliruka mara tano au sita kwenye kiti cha mbao, macho tumefumba. Kwa noti 360, yaani maili 360 za bahari kwa saa, ambayo ni mwendo wa kawaida tu wa ndege kama ile, kila dakika unakula maili 6 za bahari, yaani kilomita 11. Ukianza kutafuta swichi kwa macho, ule mto uliokuwa unaungojea mbele umeshabaki nyuma.

Haya ninayoandika ni yale ninayomfanyisha yeye. Yeyote mwenye kiti anaweza kuyafanya.

Panga chumba chako cha rubani

Mkono wa kulia unashika fimbo. Kifaransa wanaiita mpini wa fagio, kwa hiyo raklete haijavunja heshima ya mtu. Mkono wa kushoto unakaa kwenye gazi, kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini; mpwa wangu anatumia chupa ya maji iliyolala juu ya tofali. Miguu iwe juu ya vipande viwili vya ubao, hizo ndizo pedali. Chora saa zako, yaani vipimo vya ndege, kwa chaki kwenye kipande cha kartoni: upeo wa macho katikati, mwendo kushoto, kimo kulia, dira chini, joto la injini pembeni. Bandika kartoni mbele yako, kisha jifunze kuzungusha macho: upeo, mwendo, upeo, kimo, upeo, dira. Macho yanarudi kwenye upeo kila mara. Jicho likiganda kwenye saa moja, hata kama ndiyo yenye hitilafu, ndege inainama bila wewe kujua.

Halafu simama, kizunguke kiti. Usicheke. Rubani huizunguka ndege yake kila mara, upande uleule akianzia mahali palepale, na mkono wake unagusa: matairi, mafuta yanayovuja, vifuniko vya mdomo wa injini vimeondolewa au la, bawa limepata mkwaruzo gani. Fundi ametia saini daftari, nawe unatia yako, na toka hapo ndege ni dhamana yako. Mwisho kabisa tazama pini za kiti cha kujirusha, kile kinachomtoa rubani nje ya ndege wakati wa hatari. Zikiwa ndani, kiti hakitakuokoa. Zikitoka kabla ya wakati wake, kinaweza kumuua fundi anayekufunga mikanda. Sisi tulizihesabu kwa sauti, na fundi akajibu kwa sauti.

Ruka kwa mdomo na kwa mikono

Sasa sema kila kitu unachofanya, na mkono uende pale unapotaja. Washa injini, ngoja joto lipande na kutulia. Jaribu breki. Omba ruhusa kwa mnara wa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwa maneno machache.

Hapa ndipo ninapomsimamisha binti na kumuuliza hewa ya leo ikoje. Uwanja wa Luano uko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mwezi wa kumi, joto likifika digrii 32 kabla ya mvua kushuka, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba injini na mabawa yanajiona kama yako mita 2,200. Ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili iinuke, na inapanda kwa uvivu. Rubani asiyefanya hesabu hiyo asubuhi ataifanya mwisho wa njia, akiona majani. Mwezi wa nane na wa tisa kuna shida nyingine: moshi wa mioto ya porini. Ukiwa juu, ardhi iliyo chini yako unaiona wazi, lakini ukitazama mbele ni ukuta wa kahawia.

Baada ya kuinuka: matairi juu, flapi (vibawa vya nyuma ya bawa) juu, mwendo unaongezeka, geuka kaskazini-magharibi. Bonyeza saa. Toka Luano hadi Likasi ni karibu maili 60 za bahari, yaani dakika 10 kwa noti 360. Binti anakaa kitini dakika 10 kamili, na kila dakika ananiambia yuko wapi, anaona nini: mlima mweusi wa mabaki ya shaba na bomba la moshi vimebaki nyuma kushoto, reli iko wapi, lini ataona maji ya ziwa Tshangalele yaking'aa kulia. Mara ya kwanza aliniambia ameona Likasi dakika ya sita. Nikamwonyesha kwenye ramani msitu aliokuwa juu yake.

Na katikati ya hizo dakika namkatizia: "Moto kwenye injini!" Hatua za hatari hazisomwi kwenye karatasi, zinatoka kichwani, neno kwa neno, kama sala. Ila kwanza kabisa ndege iendelee kuruka sawa, pili ujue unaelekea wapi, tatu ndipo uongee na redio. Mara nyingi kijana anaanza na redio, kwa sababu mwenye hofu anatafuta mtu. Nimezuia hilo kwa binti mara ishirini na nitalizuia tena kesho.

Mwili

Hapa nataka mnisikilize vizuri.

Ukigeuza ndege kwa nguvu, uzito wako unaongezeka. Mtu wa kilo 70 kwenye G tano, yaani uzito mara tano, anakuwa na kilo 350. Kichwa na kofia vinakandamiza shingo, mkono unakataa kuinuka, na damu inakimbilia miguuni. Kwanza rangi zinafifia, vitu vinakuwa vya kijivu. Kisha pembe za macho zinafunga, unaona kama kwa tundu la bomba. Kisha giza. Ukiendelea kuvuta, unazimia, na hata ukizinduka sekunde kadhaa zinapita kabla hujajua wewe ni nani na mlima uko upande gani.

Ilinipata. Tulikesha kwenye matanga ya jirani, nikalala kwa saa mbili tu, nikanywa chai nusu kikombe, nikaenda kuruka kwa sababu niliona aibu kusema sikulala. Kwenye mzunguko ambao nilikuwa nimeshaufanya mara nyingi, dunia ikawa ya kijivu, ikafunga. Mwalimu aliyekuwa nyuma alichukua fimbo. Chini hakupiga kelele. Aliniuliza: "Jana ulikunywa maji kiasi gani?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo: maji mchana kutwa, si glasi moja kubwa dakika ya mwisho. Usingizi wa saa nane. Pombe, sisi tulikaa nayo mbali saa 12 kabla ya kuruka. Usiruke na njaa, wala usiruke na bukari (ugali) la kushiba hadi kukaa inakuwa kazi. Na maharagi yaache, maana hewa ya tumboni inavimba kadiri unavyopanda. Ukiwa na mafua, sema, ubaki chini. Masikio yaliyoziba yanaweza kupasuka wakati wa kushuka.

Zoezi lenyewe linafanyika hivi, ukiwa umekaa. Kaza kwanza mapaja, mashavu ya miguu na matako, kama unavyosukuma baiskeli yenye magunia manne ya makala (makaa) kupanda mlima. Kaza tumbo. Vuta hewa, funga koo, sukuma dhidi ya koo lililofungwa. Hesabu sekunde tatu. Toa na kuvuta hewa kidogo kwa haraka, chini ya sekunde moja, kifua kisilegee, funga tena. Miguu haiachii hata kidogo. Na uanze kabla ya kuvuta fimbo. Ukingoja rangi zifife umeshachelewa. Fanya mizunguko michache tu kisha pumzika, na mwenye presha ya damu au mwenye mimba asilijaribu.

Baada ya kutua

Ndege ikishazimwa, kazi imefika nusu. Kwetu saa moja ya angani ilizaa saa mbili za maelezo. Kila mtu aliyataja makosa yake mwenyewe kwanza, mkubwa akianza, mikono miwili ikionyesha ndege mbili: mimi nilikuwa hapa, wewe pale, kwa nini hukuniona? Hakuna aliyeshika kalamu kuandika sifa zake.

Wengine wananiuliza kwa nini nampa binti mdogo kazi ya vita. Mwaka 1961 nilikuwa na miaka sita, mji huu ukiitwa bado Élisabethville. Fouga Magister moja tu, ndege ndogo ya jeti ya Katanga iliyokuwa imejitenga, ilitosha kuvisumbua vikosi vya Umoja wa Mataifa, hadi Sweden, Ethiopia na India zikaleta ndege zao. Mama alitusukuma chini ya kitanda kila tuliposikia ule mlio. Nataka atakayekaa kwenye kiti kile awe mtu ambaye mkono wake umefundishwa kusubiri.

Jana jioni binti alitua. Akazima injini, akarudisha pini, akazihesabu kwa sauti. Kabla sijafungua mdomo akasema: "Mjomba, dakika ya saba niliganda kwenye saa ya kimo. Sikuutazama upeo." Nikamwambia anywe maji, kisha turudi Likasi.